Kusimama Bila Kishindo

Mlinzi akimwona mtu anatoka kwenye lifti na bunduki iliyofungwa ndani ya shuka, hana mambo mengi ya kufikiria. Nilimsimamisha. Ilikuwa Ijumaa asubuhi mapema, nami nilikuwa mlinzi wa jengo la maghorofa kule Al Barsha, karibu na lile duka kubwa ambalo mwaka ule kila mtu alikuwa akilizungumzia. Mwenye bunduki alikuwa mpangaji wa ghorofa za juu, Mskochi wa makamo aliyefundisha hesabu kwenye shule ya kimataifa. Alikuwa mtu mpole, na hadi siku ile tulikuwa tumepeana salamu za asubuhi tu.

"Sir, samahani, hiyo ni nini?" nilimuuliza kwa Kiingereza changu cha kazini.

Wapangaji wengi wangewaka. Yeye alifurahi kama mtu aliyeulizwa habari za mtoto wake. Aliifungua shuka pale pale juu ya meza yangu, nikaona gobore la mbao lililochongwa vizuri na kupakwa mafuta, mtutu wake bomba la chuma lililozibwa ili lisiweze kufyatua chochote. Kando ya gobore kulikuwa na koti jekundu lenye mkia mrefu na kofia nyeusi ya pembe tatu. Akaniambia kwamba kila Ijumaa, majira ya baridi yakifika, yeye na wenzake hukutana kwenye kiwanja cha shule yake, wakavaa nguo zile na kuigiza askari wa karne ya kumi na nane.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Kwa sababu inafurahisha," akasema.

Nilikuwa nimekaa Dubai miaka kadhaa, na nilikuwa nimewasikia watu wengi wakieleza kwa nini wanafanya wanayoyafanya. Walitaja karo za watoto, kiwanja cha kujenga kule nyumbani, deni la wakala wa ajira. Sikuwa nimemsikia mtu mzima akisema anafanya kitu kwa sababu kinamfurahisha, basi. Nilimwonea wivu papo hapo, tena wivu mkubwa.

"Mnachukua watu?"

"Tunamchukua yeyote anayeweza kusimama wima na kuvumilia koti la sufu kwenye jua."

Nikamwambia kusimama wima ndiyo kazi yangu, na jua halijawahi kuniomba ruhusa.

Ni lazima niseme hapa kwamba mimi ni mtu wa kujisifu kwa kile ninachokiweza, na nilichokiweza kuliko vyote ni kwata. Kwenye chuo cha walinzi nje kidogo ya Nairobi nilikuwa ndiye ninayewekwa mbele ili wengine wanifuate. Mkono wangu ulipanda hadi usawa wa bega na kurudi bila kuyumba. Nikiambiwa simama, nilinyanyua goti na kuushusha mguu mpaka ardhi ikalia na vumbi likaruka, na mkufunzi wetu alikuwa akisema kwamba ardhi isipolia bado hujasimama. Kwa hiyo nilipombembeleza supavaiza wangu anihamishie siku ya mapumziko kutoka Jumanne hadi Ijumaa, moyoni nilijiambia naenda kuwaonyesha Wazungu wale kazi.

Ijumaa ya kwanza niliwakuta uwanjani watu wasiozidi kumi na wawili. Kulikuwa na mhasibu, wahandisi, mpishi wa hoteli Mfilipino, na muuguzi mmoja Mwingereza, mama wa makamo, ambaye ndiye aliyepiga ngoma. Mskochi wangu alikuwa sajini wao. Nilipewa gobore la ziada na kofia iliyonibana kichwa, nikawekwa katikati ya mstari, begani mwa mhasibu. Ngoma ikalia, tukaondoka.

Nilishangaa mara moja. Hawakurusha mikono. Walitembea polepole, mkono wa kulia umelala pajani, kiwiko cha kila mtu kikigusa cha mwenzake, kimya kabisa kama watu wanaobeba jeneza. Nikazuia mkono wangu kwa shida. Kisha sajini akatoa amri ya kusimama, na mguu wangu ukafanya ulichofundishwa. Goti likapanda, kiatu kikatua, paa! Mhasibu akaruka, gobore lake likanigonga kofia ikaanguka, na mstari mzima ukapinda. Wote wakageuka kunitazama, kisha wakacheka mpaka muuguzi akaegemea ngoma yake.

"Hiyo ilikuwa nzuri sana," sajini akaniambia, naye alikuwa anajizuia. "Lakini bado haijazaliwa. Askari wa wakati wetu anauweka mguu chini tu, anakuwa amesimama. Huo mshindo utakuja baada ya miaka mia na zaidi."

Tukarudia. Paa! Tukarudia tena. Paa! Nilijua nisifanye, nikajiambia nisifanye, na bado nikafanya, kwa sababu mguu hausikilizi mashauri. Muulize Mkenya yeyote aliyepita kwenye chuo cha walinzi. Ukimwamsha usingizini ukamwambia simama, atapiga mguu akiwa bado kwenye blanketi.

Mazoezi yalipokwisha sajini aliniita kando. Mwezi wa pili shule ingekuwa na siku ya wazazi, na kikundi kingecheza vita mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Kikundi cha makoti ya buluu kilikuwa kinatoka Abu Dhabi kuwa maadui. Alinieleza kwa upole kwamba mtu mmoja akipiga mguu, mstari wote unaharibika, na pale mbele ya watu itakuwa kichekesho. Akasema kuna kazi nyingine. Katika majeshi ya Kiingereza ya zamani wapiga ngoma wengi walikuwa watu weusi, tena walivaa vizuri kuliko askari wenyewe. Au ningeweza kuwa mtumishi wa ofisa, nikibeba kiti chake na darubini.

Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anasema yaliyomo kwenye vitabu vyake. Lakini damu ilinichemka. Babu yangu mzaa baba alichukuliwa kwa nguvu kubeba mizigo ya vita vya Wazungu waliokuwa wakigombana wao kwa wao. Alirudi na makovu ya kamba mabegani, na hakuna aliyewahi kumkabidhi bunduki hata ya kuchezea. Sasa mimi niache usingizi wa siku yangu ya mapumziko nije kubeba kiti cha ofisa wa uongo?

"Mimi nataka gobore, sir," nikamwambia. "Nataka kusimama kwenye mstari na wengine."

Akasema sawa. Nikiweza kusimama bila kishindo mpaka siku ya wazazi, nafasi ya mstarini ni yangu. Nikishindwa, nitachukua ngoma ya pili bila kununa. Nikampa mkono.

Koti nililipata Deira. Kule Al Muraqqabat kulikuwa na fundi cherehani Mzanzibari, mzee aliyehamia Dubai zamani na ambaye lafudhi yake ya Unguja ilikuwa haijapoteza hata chembe. Nilimpelekea picha ya koti na sufu nyekundu aliyonipa sajini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nione." Akaivuta miwani, akaigeuza picha huku na huku. "Koti gani hili, mbele fupi nyuma refu? Hili la bwana harusi au la mchekeshaji?"

"La askari, mzee. Wa zamani."

"Basi huyo askari kafa kwa joto, si kwa risasi. Inua mikono nikupime."

Alilishona kama vile ningeenda nalo kwenye harusi kweli. Vifungo vya bati vilipangwa kifuani mstari mmoja, na mikono ilikunjwa ikaonyesha kitambaa cha manjano. Soksi nyeupe za mpaka magotini nilizinunua kwenye duka la vifaa vya mpira wa miguu. Viatu vilikuwa vile vile vyangu vya kazini, nikavishonea kifungo cha bati juu. Kofia niliinunua ya kawaida, ya ukingo mpana, nikaukunja ukingo mara tatu na kuushona mwenyewe.

Nilikuwa nakaa Al Quoz, kwenye nyumba za kampuni, chumba kimoja vitanda vya juu na chini. Jioni nilipovaa vazi lote kwa mara ya kwanza ili nijitazame kwenye kioo cha mlangoni, mwenzangu wa kitanda cha chini aliinuka akakaa. Alikuwa Mkamba wa Machakos, mlinzi kama mimi kwenye ghala moja pale pale Al Quoz, na kila Ijumaa, kwa kuwa kule ndiyo siku ya mapumziko na ya ibada, aliimba besi kwenye kwaya ya kanisa. Wanakwaya walisema akikosa yeye, nyimbo zote zinabaki zinaelea.

"Wee!" akasema. "Buda, hizo soksi ni za goalkeeper gani?"

"Ni za askari."

"Na hiyo koti si ndiyo ilikuja kututawala?"

"Hapana. Wa koti hili hawakufika kwetu. Waliofika ni wajukuu wao."

"Kwa hivyo umevaa babu ya mkoloni. Sawa, endelea."

Chumba kizima kiliangua kicheko, na mimi nilikasirika, tena sana. Nikamwambia kitu ambacho sikujua kilikuwa kinanikaa. Nikamwambia tangu nishuke uwanja wa ndege sijawahi kuvaa nguo niliyoichagua mwenyewe. Shati ni la kampuni, suruali ni ya kampuni, hata rangi ya soksi imeandikwa kwenye sheria za kampuni. Hili koti la kichekesho ndilo vazi la kwanza Dubai nililolitaka mimi, na nilitaka nilivae nikiwa na gobore mkononi, si kiti cha mtu. Nikaeleza habari ya mguu wangu na ya siku ya wazazi.

Halafu, wakati ninavua kofia, akafoka ghafla kwa sauti yake ya besi, "Halt!"

Mguu ukagonga sakafu. Paa!

"Leo unaosha sufuria," akasema, akalala akageukia ukutani.

Tangu siku hiyo sikuwa na amani. Alinivizia kwenye foleni ya basi la kampuni, jikoni nikikoroga ugali, kwenye ngazi, nje ya bafu nikiwa na taulo. "Halt!" Kila kishindo changu kilikuwa na adhabu moja, sufuria ya ugali iliyokauka, na kwa majuma mengi nilizisugua sufuria za chumba kizima peke yangu. Wengine wakajiunga, hata Mganda mmoja wa chumba cha jirani ambaye hakujua tunafanya nini. Nilikuwa nagonga mguu asubuhi kazini kumpigia saluti supavaiza, kwa kuwa ndiyo sheria, na jioni nikirudi naambiwa nisigonge. Nilidhani nitarukwa na akili. Lakini taratibu mguu ukaanza kusita. Kishindo kikawa kofi, kofi likawa mkwaruzo. Jioni moja mwenzangu akaita kwenye korido nami nikasimama, na hakuna kilichosikika ila jokofu la jikoni.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Kimya. Akaenda kuziosha sufuria mwenyewe.

Sasa, siku chache kabla ya onyesho, mwenye kampuni, arbab wetu, alikuja kukagua walinzi kwenye yadi ya Al Quoz. Tulipangwa mistari, tukapita mbele yake tukirusha mikono, na supavaiza akatoa amri ya kusimama. Yadi nzima ikalia kwa pamoja. Isipokuwa mahali pamoja. Supavaiza alikuwa mwanajeshi kwao kabla ya kuja Dubai, na sikio lake lilikuwa kali.

"Wewe, mguu unauma?"

"Hapana, sir."

"Rudia peke yako."

Nilitembea peke yangu mbele ya arbab na wenzangu wote. Naapa nilikusudia kupiga mguu. Amri ikatoka, na kiatu changu kikatua chini kama kinaogopa kumwamsha mtoto. Watu wa nyuma wakaguna kicheko.

"Khalas, imetosha," supavaiza akasema. "Ijumaa hii hakuna off, unafanya kazi."

Jambo la ajabu ni kwamba kwanza nilifurahi. Mguu ulikuwa umehama kabisa, umeenda zake karne ya kumi na nane, na nilisimama pale nikitabasamu ndani kwa ndani. Nilipofika kwenye basi ndipo nilipokumbuka ni Ijumaa ipi. Nilikaa kwenye kiti. Nilitaka kulia, na kama basi lisingejaa watu ningelia.

Mwenzangu alikaa kando yangu.

"Nitasimama mimi hapo kwa gate yako," akasema. "Off yangu ni Friday."

"Na kwaya?"

"Mungu ako na besi wengine."

"Si utanikosa. Hutaniona."

"Nimekuona vya kutosha. Nimekuona na taulo."

Alikwenda mwenyewe kumwona supavaiza. Alitarajia kugombana, akajiandalia maneno, lakini yule mzee wa jeshi alimwambia kwamba anachotaka yeye Ijumaa ni mtu mlangoni mwenye viatu vinavyong'aa, na viatu ni vya nani haimhusu. "Yalla, nenda," akamwambia, "na huyo mwenzako mwambie akapimwe goti."

Siku ya wazazi kiwanja kilijaa. Kulikuwa na meza za keki na juisi, watoto waliopakwa rangi usoni, akina mama wenye kofia pana. Sisi tulikuwa nyuma ya ukumbi wa shule, sufu imetulowanisha kabla hata hatujaanza. Sajini alipita mbele yetu akinyoosha mikanda myeupe iliyopishana vifuani. Alipofika kwangu alinyoosha wangu kama wa wengine, akaendelea. Muuguzi akaanza kupiga ngoma.

Tulitokea uwanjani mstari mmoja, kiwiko kwa kiwiko, na ule mnong'ono wa watu ukakatika. Nakumbuka uzito wa gobore begani na pumzi ya mhasibu kulia kwangu. Mbele yetu makoti ya buluu yalikuwa yamesimama na singe zao za bati zikiwaka juani. Sikuutazama mguu wangu. Nilikuwa nimeambiwa niangalie mbele, nikaangalia mbele.

"Halt!"

Miguu ikatua. Nilisikia nyasi tu.

Hakuna mtu katika wale wazazi aliyejua kilichotokea. Waliona safu ya watu wenye soksi nyeupe imesimama, basi. Lakini mimi nilijua, na kifua kilinijaa mpaka vifungo vya mzee wa Unguja vikavutika. Nimepata sifa nyingine maishani, za kazi na za nyumba niliyojenga baadaye, na ninazithamini. Ile ya pale kwenye nyasi sikupewa na mtu yeyote, na ninajivunia mpaka leo.

Kisha tukashindilia. Tukang'ata karatasi za risasi zisizo na baruti, tukaigiza kusukuma fimbo za chuma mitutuni, tukainua magobore, na kwa kuwa baruti haikuruhusiwa, kila tulipoamriwa kufyatua muuguzi alipiga ngoma pigo moja zito na watoto wakapiga kelele. Upande wetu ulikuwa umepangiwa kushindwa. Tulirudi nyuma hatua kwa hatua, wahandisi wakifa mmoja mmoja kwa mbwembwe, mpaka tukafika kwenye milingoti ya goli, na hapo ofisa wetu akakabidhi upanga wake. Nilibaki hai. Mpishi wa Kifilipino, aliyekufa mapema, alilalamika kwamba aliangukia siafu.

Tulipokuwa tunapanga vitu, sajini aliniambia kwamba Ijumaa ijayo mahali pangu ni pale pale, kati ya mhasibu na mpishi. Halafu akanirudisha Al Barsha kwa gari lake, akanishusha mbele ya jengo na kwenda kuegesha chini. Sikuwa nimevua kitu. Sikutaka kuvua.

Mwenzangu alikuwa mlangoni, wima, viatu vimeng'aa. Alinitazama kuanzia pembe za kofia, akashuka na vifungo, akafika kwenye soksi, akapanda tena. Nilimwitikia kwa kichwa tu kumwonyesha kwamba ndiyo, mguu ulitulia.

Wakati ule ule madam mmoja wa ghorofa za kati alikuwa anakuja na mifuko ya duka. Sheria ya kampuni yetu ilikuwa wazi, mlinzi haongei na mpangaji mpaka aulizwe, na mwenzangu hakuwahi kuivunja sheria yoyote. Alisogea mbele akamzuia njia.

"Madam," akamwambia kwa Kiingereza, sauti yake ya besi ikajaza ukumbi, "huyu ni ndugu yangu. Ametoka vitani."

Madam akasimama na mifuko yake. Akanitazama mimi, akaitazama kofia, na uso wake ukalainika ukawa kama wa msichana.

"Oh! Na nani alishinda?"

Nikafungua mdomo nimweleze ukweli, habari ya milingoti ya goli na upanga.

"Sisi, madam," akasema mwenzangu, na akamfungulia mlango.